Midomo yangu inachoka nikiwa na miaka 43: Hugh Masekela aliwezaje kupuliza hadi uzeeni?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 43. Tarumbeta nilijifunza kwenye bendi ya usharika huko Moshi nikiwa mdogo, sasa niko Dar es Salaam. Ijumaa usiku napiga na bendi ya dansi, Jumamosi napiga matarumbeta ya harusi, wakati mwingine misafara miwili kwa siku, na Jumapili asubuhi niko kanisani. Tangu mwaka jana nikishapuliza kama nusu saa mdomo wa juu unakufa ganzi, noti za juu hazitoki, inatoka hewa tupu. Wenzangu wanasema mpuliza tarumbeta akifika hamsini amekwisha. Mmoja kaniambia nisugue midomo kwa shabu ili ikaze, mwingine kasema ninunue mausipisi ndogo, kile kipande cha kuwekea mdomo. Mimi moyo wangu uko kwenye jazi, na mtu ninayemwangalia ni Hugh Masekela, yule mpuliza tarumbeta wa Afrika Kusini. Nimeona video zake akiwa na zaidi ya miaka sabini bado anapuliza, anaimba, anacheza. Alikuwa na midomo ya namna gani? Na mbona yeye alipiga kila aina ya muziki na kutunga juu yake, wakati mimi nikijaribu naambiwa mshika mbili moja humponyoka? Nichague moja, au niachane nayo kabisa?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Unauliza mambo mawili kwa pamoja: kama mwili wako bado unaweza, na kama unaruhusiwa kupiga muziki wa aina nyingi. Watu wengi wangeyatenganisha. Mimi sitayatenganisha, kwa sababu ukiichunguza safari ya Masekela utaona kwamba kupiga kwake mambo mengi ndiko kulikomtunzia midomo. Hakuwa na midomo ya ajabu. Alikuwa na midomo kama yako na yangu, ila alijipangia kazi ambayo midomo ile iliweza kuibeba kwa zaidi ya miaka 60.

Usiache. Lakini ukiendelea na wikendi za namna unayoieleza, ile hamsini unayotishiwa itakukuta umeshaweka tarumbeta chini, na umri hautakuwa na hatia.

Tuanze na hilo la hamsini, kwa maana limekukaa moyoni. Doc Cheatham alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1905. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mpuliza kiongozi ndani ya bendi kubwa za watu wengine, yule anayebeba sauti ya juu ya safu nzima na jina lake halitangazwi. Alianza kusifika kwa solo zake mwenyewe akiwa mzee wa miaka sabini. Alifariki Juni 1997, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 92, na hadi siku zake za mwisho alikuwa akipanda jukwaani. Clark Terry, aliyezaliwa St. Louis mwaka 1920, alipitia bendi ya Count Basie, akakaa na bendi ya Duke Ellington kuanzia 1951 hadi 1959, kisha akaingia kwenye bendi ya kituo cha televisheni cha NBC wakati Waafrika-Wamarekani wa kuajiriwa pale walikuwa wa kuhesabika. Naye alipuliza na kufundisha hadi uzeeni kabisa, akafariki 2015.

Sasa nikutajie na upande wa pili, maana nisingekutendea haki kukuonyesha waliofika tu. Freddie Hubbard alikuwa na nguvu na kasi ambayo wapulizaji wengi wa kizazi chake hawakuigusa. Mwaka 1992, akiwa katikati ya miaka ya hamsini, mdomo wake wa juu ulipasuka, kidonda kikaingia uambukizo, na sauti ile ya zamani haikurudi tena hadi alipofariki mwaka 2008. Louis Armstrong mwenyewe, katikati ya miaka ya 1930, ilimbidi aweke tarumbeta pembeni kwa miezi kadhaa kwa sababu ya midomo iliyochakaa. Madaktari wa baadaye waliipa hali ya kuchanika kwa msuli wa mdomo jina la Satchmo, lile la utani la Armstrong. Kwa hiyo wenzako hawajazua hofu hewani. Walichokosea ni kuibandika kwenye umri.

Acha nikueleze kinachotokea mdomoni mwako Jumamosi saa kumi jioni, gari likiwa katikati ya foleni na wenye harusi wanataka mpulize tu.

Chanzo cha sauti ya tarumbeta ni nyama ya midomo yako. Bomba huipokea, huipa umbo na kuikuza. Hewa inasukuma midomo ifunguke, midomo inajirudi na kufunga, inafunguka tena. Kwenye tarumbeta ya kawaida, ukipuliza C ya katikati ya mistari ya noti, midomo inafanya hivyo mara 466 hivi kwa sekunde. Panda oktava moja, ile C ya juu inayowatoa watu jasho, inakuwa mara 932. Kwa kazi ya kasi namna hiyo nyama inayotikisika inabidi iwe laini, iwe na damu ya kutosha na isiwe imevimba. Kinachoishikilia ni msuli wa duara unaozunguka mdomo wote, ukisaidiwa na misuli ya pembeni, pale penye kona. Kona zikiwa imara, katikati panabaki huru kutikisika. Huo ndio mkao mzuri wa midomo, mengine ni mapambo.

Msuli huo ukichoka, mikono inaingilia. Bila kujua unaivuta tarumbeta kuelekea usoni, ukingo wa mausipisi unabana mdomo kwenye meno, na noti inatoka. Unafurahi. Lakini pale ulipobana damu haipiti. Ni kama ulivyoukalia mguu hadi ukafa ganzi, isipokuwa huu mguu unautaka ukimbie. Mdomo unavimba, mdomo uliovimba hautikisiki kwa hewa ya kawaida, basi unabana zaidi na kusukuma hewa zaidi. Ile "hewa tupu" uliyoitaja ni mdomo ulioshindwa kufungana vizuri. Kwa maelezo yako, ganzi ya nusu saa inayokuja na kupotea, picha ninayoipata ni ya kubana kupita kiasi juu ya uchovu uliolimbikizwa wiki hadi wiki. Sijakuona, kwa hiyo baadaye nitakutajia dalili ambazo zikiwepo, picha hii inabadilika.

Jipime mwenyewe. Baada ya kupiga, jiangalie kwenye kioo. Alama ya duara mdomoni ni ya kawaida. Ikiwa nusu saa baadaye bado ipo, nyekundu, na ukigusa unasikia nyama imejaa, unabana. Kisha siku ya mapumziko ilaze tarumbeta juu ya kiganja cha kushoto kilicho wazi, usiishike, na uipulize G ya chini kwa sauti ndogo. Panda polepole. Pale sauti inapokatika ndipo nguvu zako halisi zinapoishia kwa leo. Kila noti iliyo juu ya hapo umekuwa ukiinunua kwa mikono.

Kuhusu shabu: acha mara moja. Inakausha na kukaza ngozi, na wewe unahitaji ngozi laini ili itikisike. Ngozi iliyokauka inachanika, na mchaniko uliobanwa na chuma kila wikendi hauponi. Tumia mafuta ya midomo ya kawaida yasiyo na manukato makali, kunywa maji, basi. Kuhusu mausipisi ndogo, nitakuambia ukweli kwa faida na hasara. Mausipisi yenye kikombe kifupi hurahisisha kidogo noti za juu na kuifanya sauti iwe kali, na wapo wapuliza viongozi wanaoitumia kazini kwa sababu nzuri. Lakini haikuongezei msuli. Mtu anayebana akipewa kikombe chenye ukingo mwembamba anaumia haraka zaidi. Kama unaona lazima ubadilishe kitu, tafuta yenye ukingo mpana kidogo na ulioviringana, kisha uipe miezi, siyo siku mbili.

Sasa njoo kwa Masekela, maana hapa ndipo penye jibu lako kubwa.

Alizaliwa Witbank mwaka 1939, mji wa makaa ya mawe, na alilelewa na bibi yake aliyekuwa na kilabu cha pombe ambako wachimbaji walikuja kunywa na kuongea. Akiwa shuleni St. Peter's, Johannesburg, aliona filamu kuhusu mpuliza tarumbeta, akamwambia padri wa shule, Trevor Huddleston, kwamba akipewa tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamnunulia. Huyu Huddleston ni yule yule ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, huku kwetu kusini, kuanzia 1960 hadi 1968. Tarumbeta nyingine ilikuja kutoka kwa Louis Armstrong mwenyewe, mwaka 1956, baada ya Huddleston kumsimulia habari za vijana wale. Kufikia 1959 Masekela alikuwa kwenye bendi ya Jazz Epistles pamoja na Abdullah Ibrahim, Kippie Moeketsi na Jonas Gwangwa, wakipiga bibapu ya moto, mtindo wa jazi ya kasi wa Charlie Parker na Dizzy Gillespie, kwa ufundi uliotosha kurekodi santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya jazi ya Waafrika nchini mwao.

Kumbuka jambo hilo: alianza kwa kushika kitu kimoja barabara. Kupanuka kulifuata. Mwaka 1960, baada ya polisi kuwaua waandamanaji huko Sharpeville, aliondoka Afrika Kusini na hakurudi kuishi hadi 1990. Akasoma Manhattan School of Music mjini New York. Angeweza kubaki pale kuwa mpuliza bibapu mwingine kati ya wengi waliokuwa wakimpita, na wakubwa waliomtangulia, Miles Davis akiwemo, walimwambia hivyo waziwazi: weka ya kwenu humo ndani. Akaweka. Mbaqanga, muziki wa dansi wa vitongoji vya Afrika Kusini, ikaingia, nyimbo za makanisa na za vitongoji zikaingia. Mwaka 1968 "Grazing in the Grass" ikashika namba moja Marekani.

Isikilize ile rekodi leo ukiwa na kalamu mkononi. Haifiki dakika tatu. Kengele ya ng'ombe inagongwa toka mwanzo, mdundo hauna haraka, na tarumbeta inaimba sentensi fupi fupi, inaacha nafasi, inarudi. Hakuna sarakasi za juu ya paa. Mtunzi wake ni Philemon Hou, si Masekela, na hilo nalo ni funzo: alijua kuuchagua wimbo unaomfaa pumzi yake. Mpulizaji mwenye tamaa angeijaza ile nafasi kwa noti. Yeye aliiacha wazi, na wimbo ukauzwa kwa mamilioni.

Kisha tafuta onyesho lolote la "Stimela", wimbo alioutunga mwenyewe na kuurekodi mara ya kwanza kwenye albamu ya 1974, ule wa treni inayobeba vibarua kutoka nchi za jirani kwenda kuchimba madini Johannesburg. Jukwaani ulichukua karibu dakika kumi. Hesabu ni muda gani kati ya hizo ala imo mdomoni. Anasimulia. Anataja nchi walikotoka watu wale. Anaigiza honi ya treni kwa koo lake, anahema kama mashine ya mvuke, anagonga kengele. Pale ala inapokuja hatimaye, midomo imepumzika, imejaa damu, na inapiga ikiwa mpya. Wasikilizaji wanalia na hakuna anayelalamika kwamba kapuliza kidogo. Wimbo huo ungewezaje kubuniwa na mtu anayejiona mpuliza tarumbeta peke yake?

Hiyo ndiyo siri unayoiuliza, na iko hadharani. Kuimba kwake ni mapumziko ya midomo, kusimulia ni mapumziko, kugonga kengele na kucheza ni mapumziko, na wapiga gitaa na vinanda wake walipewa nafasi ndefu za kung'ara. Alipoendelea kukua aliegemea zaidi flugelhoni, ndugu wa tarumbeta mwenye bomba pana zaidi na sauti nene, ambaye uzuri wake wote uko katikati na chini, pale midomo haiteswi. Na kwa kuwa nyimbo nyingi alizitunga au kuzipanga yeye, hakuna aliyemlazimisha kupanda juu saa mbili baada ya onyesho kuanza. Aliandika kwa kipimo cha mdomo wake. Mwenye tungo ndiye mwenye kuamua noti ya juu ni ipi.

Utaona hata Clark Terry alipita njia hiyo hiyo kwa mtindo wake. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kuipa flugelhoni heshima kwenye jazi. Mwaka 1964, akiwa studio na kundi la Oscar Peterson, aliimba wimbo wa maneno yasiyo na maana, wa kumumunya tu, na ukampa jina jipya duniani. Armstrong naye, ambaye alikuwa mwimbaji tangu ujana, alizidi kuegemea sauti kadiri midomo ilivyochakaa. "What a Wonderful World", aliyoirekodi 1967, haina hata noti moja ya tarumbeta yake.

Kwa hiyo methali uliyopigwa nayo ni ya kweli kwa mtu mmoja tu, yule anayeshika mbili ambazo hazihusiani. Masekela alipiga bibapu, mbaqanga, popu ya Marekani na muziki wa Ghana. Mwaka 1974 yeye na rafiki yake Stewart Levine walikuwa nyuma ya lile tamasha kubwa la Kinshasa, ambako Franco na Tabu Ley walipanda jukwaa moja na James Brown na B.B. King. Kote huko sauti yake ilikuwa ile ile: sentensi fupi, za mtu anayeongea, mwisho wa noti ukivutwa kidogo kuelekea chini. Ukisikia sekunde tano unamjua. Wewe unapiga tenzi kanisani, mchiriku na vigodoro kwenye harusi, na dansi Ijumaa. Ukiniuliza, huo ni utajiri. Swali la kujiuliza ni kama mtu akikusikia katika sehemu hizo tatu atajua ni wewe, au atasikia tarumbeta tu.

Usiyaige yote ya mtu huyu, ndugu yangu. Miaka mingi ya pombe na dawa za kulevya ilimgharimu pesa, ndoa na marafiki, na mwenyewe aliyasema hayo wazi. Mwaka 1997 aliingia kwenye matibabu, akatoka akiwa safi, na baadaye akawasaidia wasanii wenzake waliokuwa na tatizo lile lile. Mwaka 2008 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa, akaendelea kuzunguka dunia na kurekodi, albamu yake "No Borders" ikatoka 2016, na mwaka uliofuata ndipo alipotangaza kwamba anasimama ili aukabili ugonjwa. Alifariki tarehe 23 Januari 2018. Ule uzee unaouona kwenye video ni wa mtu aliyejitoa shimoni akiwa na miaka 58 na kuanza kujitunza. Nakutajia kwa sababu kwenye kazi zetu za usiku, bia ya bure huja kabla ya malipo.

Sasa tuzungumze wikendi yako. Ijumaa usiku, Jumamosi mchana kutwa, Jumapili asubuhi: unaupa mdomo kazi mara tatu ndani ya saa arobaini hivi, halafu nadhani Jumatatu hadi Alhamisi tarumbeta imelala kwenye sanduku. Hiyo ndiyo ratiba mbaya kuliko zote. Mdomo unapenda kidogo kila siku. Dakika ishirini asubuhi, noti ndefu za chini kwa sauti ndogo, ukipuliza dakika moja na kupumzika dakika moja, zitakujenga kuliko saa tatu za juani. Na kabla ya kazi yoyote pasha midomo moto, hata ukiwa umechelewa, hata ukiwa ndani ya daladala kwa kutikisa midomo tu bila ala. Hubbard mwenyewe alikuja kuwaasa vijana juu ya hilo baada ya mdomo wake kuharibika.

Harusi ndizo zinazokuumiza, lakini najua ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Sitakuambia uziache. Nje hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, ngoma ziko sikioni, hujisikii, kwa hiyo unasukuma na kubana. Ongea na kiongozi wenu muwe wapulizaji wawili wa sauti ya kwanza mnaopokezana, mmoja akipiga ubeti mwingine anashusha ala kabisa. Malipo yatapungua kidogo kwa kila mmoja, ndiyo. Kama hilo haliwezekani, kataa msafara wa pili wa siku. Na shusheni funguo za nyimbo. Wimbo wa harusi ulioshushwa toni moja hakuna bibi harusi atakayeugundua, ila mdomo wako utaugundua. Usisahau vizibo vya masikio, maana masikio hayaponi.

Flugelhoni je? Ukipata ya mtumba iliyo nzima, nunua, kwa ajili ya Ijumaa na kwa ajili ya muziki wako mwenyewe. Lakini usiinunue kama dawa. Urefu wa bomba lake ni sawa na wa tarumbeta, mdomo unatikisika kwa kasi ile ile kwa noti ile ile, na mtu anayebana kwenye tarumbeta atabana na kwenye flugelhoni. Pia ni ngumu kidogo kuiweka kwenye sauti sahihi. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna anayeitarajia ipige kelele za juu. Kuimba ni bure, na mtu aliyekulia usharika wa Moshi hawezi kuniambia hajui kuimba.

Kabla ya yote hayo, jipe wiki mbili za utulivu. Usiache kupuliza kabisa, piga noti za chini tu, sauti ndogo, dakika chache kwa siku. Kama ni uchovu na kubana, utaona tofauti. Kama baada ya hapo ganzi iko vile vile, usiendelee kuniuliza mimi wala wenzako, nenda ukaonwe.

Mtafute daktari wa meno hata kama huumwi. Ala nzima imeegemea meno yako ya mbele, na ugonjwa wa fizi unaweza kumtoa mpulizaji kazini. Jino likilegea mwambie wazi kwamba unapuliza tarumbeta, kabla hajang'oa au kuchonga chochote. Nenda kwa daktari mapema ukiona kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, ukigusa mdomo na kukuta pamebonyea au pamekosa nguvu ghafla baada ya maumivu makali, au hewa ikianza kuvuja kwenye kona moja kila siku bila kujali umepumzika. Kama midomo inatetemeka au kujipinda yenyewe pale tu unapoweka ala, na ukiitoa inatulia, hilo linaweza kuwa tatizo la mishipa ya fahamu, na kufanya mazoezi zaidi huliongeza, kwa hiyo muone bingwa wa fahamu. Kizunguzungu ukipiga noti za juu, pima presha. Kama kwenu kuna mtu mwenye presha ya macho, pima macho, kwa sababu kupuliza kwa nguvu hupandisha presha hiyo kwa muda. Na upande mmoja wa uso ukilegea au kupinda ghafla, usisubiri kesho, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tafuta pia mwalimu wa kukuona kwa macho, mara mbili au tatu tu. Bendi za jeshi, polisi na magereza zina wapulizaji waliofundishwa vizuri, na wengi wao wakiombwa kwa adabu hawakatai. Mimi kwa maandishi siwezi kuona mabega yako yakipanda wala shingo ikikakamaa.

Umeniuliza na habari ya kutunga. Anza sasa, mdomo ukiwa haujapona, maana huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Chukua noti zile ulizozipata tarumbeta ikiwa imelala kiganjani bila kushikwa. Pengine zitakuwa sita au saba. Tunga wimbo wako wa kwanza ndani ya hizo tu, sentensi ya tarumbeta isizidi pumzi moja, kisha sentensi ya kuimba, kisha nafasi ya gitaa. Ukiupenda, urekodi hata kwa simu, andika tarehe, na ukausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaupeleka Ijumaa kwa bendi. Hiyo noti yako ya juu kabisa itumie mara moja tu katika wimbo mzima, na uchague wewe ni wapi.